Binti yangu anataka kusoma falsafa, siasa na uchumi, lakini mlipa ada anataka uhasibu

Ndugu Mshauri,

Assalaam alaykum. Ninakuandikia kutoka Mbagala kuhusu jambo ambalo limeninyima usingizi tangu matokeo ya kidato cha sita yalipotoka. Mimi ni mjane, mama wa watoto watatu, na riziki yangu naipata Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, ambako ninauza khanga na vitenge katika fremu ya kukodi. Binti yangu wa kwanza alisoma tahasusi ya HGE, na Mwenyezi Mungu amemjalia daraja la kwanza: A ya Historia, B ya Jiografia na B ya Uchumi. Katika ile hisabati ya ziada wanayoiita BAM alipata D, nami nalitaja hilo kwa sababu najua utaniuliza.

Tangu akiwa kidato cha tano amekuwa akisema kwamba anataka kusoma shahada inayounganisha falsafa, siasa na uchumi, ambayo yeye huitaja kwa herufi tatu tu, PPE. Alisikia habari zake kwa mwalimu wake wa General Studies, akaendelea kuzisoma kwenye simu, na sasa haambiliki. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, ndiye aliyemlipia ada tangu baba yake alipofariki, na ametamka mbele ya ndugu kwamba ataendelea kumlipia ikiwa tu atasoma uhasibu. Anasema falsafa humwondolea mtoto imani yake, siasa itamwingiza matatizoni, na uchumi uliochanganywa na mambo hayo mawili hauwezi kumpa mtu kazi, kwa sababu hajapata kuona tangazo la ajira linalomtaka mwanafalsafa. Ninamheshimu shemeji yangu, amenibeba katika mengi, wala sitaki watu waseme kwamba nimekula chake kisha nimemgeuka.

Jambo jingine ni hili. Kuna wakala wa vyuo vya nje, mwenye ofisi hapa mjini, aliyemwambia binti kwamba anaweza kumpatia nafasi ya PPE katika chuo cha binafsi nchini Uingereza, mradi tulipe kwanza fedha za kushikilia nafasi kabla ya mwisho wa mwezi. Fedha hizo sina, ila nina kiwanja Chanika ambacho mume wangu aliwaachia watoto. Binti hajaniomba nikiuze, lakini namwona anavyoumia kimya kimya, nami nimekwisha kumpigia simu dalali kuuliza bei.

Mimi niliishia darasa la saba. Sijui falsafa ni nini hasa, wala sijui kama mtoto anakwenda kupata elimu au kupoteza miaka mitatu. Naomba unieleze kwa lugha ninayoielewa: masomo haya matatu yanafundisha nini, yanampeleka mtu wapi, na nimjibu vipi shemeji bila kumvunjia heshima?

Mama Mwenye Mashaka, Mbagala


Mpendwa mama,

Wa alaykum salaam. Nianze na kiwanja, kwa kuwa hicho ndicho chenye haraka. Usikiuze, wala usimlipe wakala huyo hata shilingi moja. Kiwanja ni mali ya watoto watatu, na hakiwezi kumalizwa kwa ndoto ya mmoja wao, hata ikiwa ndoto hiyo ni njema. Fedha za kushikilia nafasi ni mwanzo tu wa gharama, kwa sababu mwanafunzi anayetoka nje ya Uingereza hulipa ada kubwa kuliko mwenyeji, hulipa kwa pauni, na juu ya ada kuna nyumba, chakula na nauli kwa miaka mitatu mizima, wakati wewe mauzo yako ni ya shilingi. Chuo Kikuu cha Oxford, ambako shahada hii ilizaliwa, hupokea maombi kupitia mfumo wa pamoja wa udahili wa Uingereza unaoitwa UCAS, na huwaita kwenye usaili wale iliowachuja. Hakuna mtu mwenye ofisi mjini awezaye kumuuzia mwombaji nafasi hiyo. Kuhusu chuo alichotajiwa binti yako, swali la kwanza ni iwapo Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, itaitambua shahada yake atakaporudi, na swali hilo huulizwa TCU kwenyewe, haliulizwi kwa anayesubiri malipo.

Baada ya hilo, tulizungumze jambo lenyewe kwa utulivu, kwa sababu binti yako hakuokota upuuzi kwenye simu. Amegusa kitu cha maana, na ninatamani wewe na shemeji yako mkielewe kabla ya kukikataa au kukikubali.

Zamani masomo haya hayakuwa matatu. Adam Smith, Mskoti ambaye wengi humwita baba wa elimu ya uchumi, alikuwa profesa wa falsafa ya maadili katika Chuo Kikuu cha Glasgow tangu 1752 hadi 1764, na kitabu chake kikubwa kuhusu utajiri wa mataifa kilipotoka mwaka 1776 kilizungumzia bei, mishahara, kodi, serikali na haki kwa pumzi moja. Masomo yalianza kwenda kila moja na njia yake baadaye. Huko Cambridge, kwa mfano, Alfred Marshall alifanikiwa kuutenga uchumi kuwa kozi ya kujitegemea mwaka 1903. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Oxford ikayarudisha pamoja, ikikusudia kuwapa vijana wanaoelekea kwenye utumishi wa serikali elimu ya dunia ya sasa, mbali na ile kozi ya zamani iliyosimama juu ya Kigiriki na Kilatini. Tangu hapo shahada hiyo imewatoa mawaziri wakuu wa Uingereza kama Harold Wilson, Edward Heath, David Cameron na Rishi Sunak, na nje ya Uingereza imewatoa Kofi Busia wa Ghana na Benazir Bhutto wa Pakistani. Majina hayo yasikulevye. Wengi wao walibebwa na chuo na jamaa zao kama walivyobebwa na kozi, na huko huko Uingereza wapo wanaolalamika kwamba PPE humfanya kijana azungumzie kila kitu kwa ufasaha bila kukijua kitu kimoja kwa undani. Lalamiko hilo nalichukulia kwa uzito, na nitalirudia nikifika kwenye hisabati.

Umeniuliza masomo haya yanafundisha nini. Sitakujibu kwa vitabu, nitakujibu kwa Kariakoo. Mwezi Mei mwaka 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, na bila shaka unazikumbuka siku zile kuliko mimi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja, na pale yakatolewa malalamiko ya kodi, ya faini, ya usajili wa stoo na ya namna ukaguzi ulivyokuwa ukifanywa. Tuseme binti yako amepewa tukio hilo alichambue.

Kwa jicho la uchumi ataanza kwa kuuliza mzigo wa kodi unamwangukia nani. Sheria inaweza kukutaja wewe muuzaji kuwa ndiye mlipaji, lakini mambo hayaishii kwenye sheria. Ukiongeza shilingi elfu mbili kwenye doti ya khanga ili kufidia kodi, mama mmoja atalipa kwa sababu shughuli ni Jumamosi na sare imekwisha kuchaguliwa, ilhali mwingine ataikunja ile doti, ataiweka mezani na kuondoka zake. Kwa yule wa kwanza kodi imemwangukia mnunuzi. Kwa huyu wa pili itabidi uilipe kutoka kwenye faida yako, au mzigo ulale. Wachumi wanazo hesabu za kupima jambo hilo, na hesabu hizo ndizo zinazopaswa kuwaongoza wanaopanga viwango vya kodi, ili wajue mapema kwamba kodi waliyoikusudia kwa tajiri inaweza kuishia mfukoni mwa fundi cherehani wa Mbagala.

Akigeukia siasa atauliza mambo mengine kabisa. Kwa nini ilibidi maduka yafungwe ndipo watu wasikilizwe? Nani aliitwa mezani na nani hakuitwa, yaani mwagizaji wa makontena, mwenye fremu kama wewe, machinga wa barazani, au mnunuzi aliyepanda daladala kutoka Gongo la Mboto akakuta milango imefungwa? Mmarekani Mancur Olson alieleza mwaka 1965 kwamba kundi dogo ambalo kila mmoja wao ana cha kupoteza hujipanga kwa urahisi, ilhali watu wengi ambao kila mmoja anapoteza kidogo hushindwa kujikusanya, ingawa wakijumlishwa hasara yao ni kubwa zaidi. Ukiifikiria kauli hiyo siku moja ukiwa dukani, utaona inaeleza mambo mengi ya nchi yetu, kuanzia bei hadi barabara.

Falsafa itamwuliza lililo gumu kuliko yote: katika haya yote, haki ni ipi? Je, mwenye duka kubwa alipe sehemu kubwa zaidi ya kipato chake, au kila mtu alipe kiwango kile kile? Je, mfanyabiashara anayo haki ya kufunga duka hata kama anayeumia ni mnunuzi maskini ambaye hakumkosea chochote? John Rawls, mwanafalsafa wa Marekani, alipendekeza kwamba tunapotunga kanuni za kuishi pamoja tujiweke katika hali ya mtu asiyejua atakuwa nani ndani ya jamii hiyo. Tunga kanuni ya kodi bila kujua kama kesho utaamka ukiwa mwagizaji wa makontena au mchukuzi anayeyashusha, kisha uone utaandika nini. Binti yako atafundishwa kutoa hoja hatua kwa hatua, kuonyesha pale ambapo hoja ya mwenzake imeruka hatua, na kukubali pale ambapo yake mwenyewe imevunjika.

Mwenye jicho moja kati ya haya matatu hukosea kwa namna inayotabirika. Mchumi asiyejua siasa hupendekeza kodi nzuri ambayo hakuna Bunge litakaloipitisha, mwanasiasa asiyejua uchumi huahidi bei ambayo haiwezekani, na wote wawili wasipojiuliza kuhusu haki wanaweza kutekeleza kwa ustadi mkubwa jambo lisilofaa kutekelezwa. Hii ndiyo sababu ninaamini binti yako anataka kitu chema.

Nije sasa kwenye hofu za shemeji yako, ambazo si za kubezwa. Kuhusu imani, ni kweli kwamba katika falsafa binti atawekewa mbele hoja za kuwepo kwa Mungu na hoja za kupinga, na mwalimu hatamwambia ashike ipi. Hilo sitakuficha. Hata hivyo, Uislamu haukuanza jana kukutana na falsafa. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwapinga wanafalsafa kwa nguvu zote, na bado aliiona mantiki kuwa chombo asichoweza kukiacha mtu anayetaka elimu ya uhakika. Ibn Rushd, aliyemjibu Ghazali kwa kuitetea falsafa, alikuwa kadhi. Na kama shemeji yako anataka mfano wa Mwislamu aliyeyashika masomo yote matatu karne nyingi kabla ya Oxford, mtajie Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Cairo mwaka 1406 akiwa kadhi wa madhehebu ya Maliki. Ibn Khaldun aliandika kwamba dola inapokuwa changa hutoza viwango vidogo vya kodi ikapata mapato makubwa, na inapozeeka hutoza viwango vikubwa ikapata mapato madogo, kwa kuwa watu hukata tamaa ya kuchuma. Wafanyabiashara waliokusanyika Mnazi Mmoja mwaka 2023 wangemwelewa mara moja. Ninachokushauri ni kwamba binti asikatishe darsa zake, na awe na shekhe msomi anayeweza kumpelekea maswali bila kuogopa kukaripiwa, kwa sababu swali lililokosa pa kuulizwa ndilo hugeuka kuwa shaka.

Kuhusu siasa nitasema machache. Kusoma siasa si kugombea udiwani. Atasoma katiba, mifumo ya uchaguzi, na sababu za taasisi kudumu au kuanguka. Atasoma, kwa mfano, jinsi Tume ya Jaji Nyalali ilivyozunguka nchi mwaka 1991 kuuliza wananchi kama wanataka vyama vingi, ikakuta takriban asilimia 80 wanapendelea chama kimoja kiendelee, na bado ikapendekeza mfumo wa vyama vingi, ambao ulirejeshwa mwaka 1992. Je, tume ilifanya sawa kuwapa nafasi wale wachache, au iliwapuuza walio wengi? Swali hilo ni la siasa na ni la falsafa, na kijana anayeweza kulijadili kwa adabu na kwa ushahidi ana elimu inayohitajika katika ofisi nyingi za umma.

Ajira ndipo shemeji yako alipo karibu zaidi na ukweli, na hapa naomba binti naye asome kwa makini. Katika nchi yetu tangazo la kazi ya serikali hutaja shahada kwa jina. Ukifungua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma utaona yanataka mwenye shahada ya uchumi, ya takwimu, ya uhasibu, ya utawala wa umma, kisha huongeza maneno kuhusu fani zinazolingana na hizo. Mtu mwenye cheti kilichoandikwa falsafa, siasa na uchumi atalazimika kuutegemea mstari huo wa mwisho, na kumweleza karani anayechuja maombi mia kadhaa kwamba shahada yake inalingana. Wapo watakaomwelewa, hasa katika mashirika ya kimataifa, taasisi za utafiti, vyombo vya habari na baadhi ya benki. Wengine hawatamwelewa, na atakuwa ameondolewa kabla ya kuitwa kwenye usaili.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu ni kwamba aombe shahada ya uchumi hapa hapa nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikiwa atakidhi vigezo, na falsafa na siasa aziingize kupitia kozi za hiari kila zinaporuhusiwa. Pale Mlimani masomo yote matatu yanafundishwa, kila moja katika idara yake, na wanafunzi wote hupita katika somo la Maendeleo wanaloliita DS, ambalo limo tangu enzi zilizofuata Azimio la Arusha na ambalo, kwa mwanafunzi aliye macho, limekwisha kuchanganya uchumi na siasa. Chuo hicho kina historia ya mijadala ya aina hiyo: Walter Rodney alifundisha pale mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972 akiwa hapa hapa Dar es Salaam. Binti yako akipita mbele ya Ukumbi wa Nkrumah ajue kwamba anaingia katika mazungumzo ambayo wengine walikwisha kuyaanza.

Pengine ataona kwamba nimempunguzia ndoto. Mwambie kwamba hata Oxford mwanafunzi husoma masomo yote matatu kwa pamoja mwaka wa kwanza tu kama sharti, na kuanzia mwaka wa pili anaruhusiwa kuacha moja na kuendelea na mawili. Mwambie pia kwamba Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, na masomo yake yalikuwa mchanganyiko wa uchumi wa kisiasa, falsafa ya maadili, sheria ya katiba, historia na anthropolojia, na alipomaliza alipewa shahada ya sanaa tu, bila jina lolote la kupendeza. Aliyaunganisha mwenyewe kichwani mwake, na wala hakuacha kwenda kanisani.

Njia ya nje haijafungwa. Vyuo vikuu vya Cape Town, Pretoria na Stellenbosch nchini Afrika Kusini hufundisha PPE yenyewe, na akipata ufadhili kamili, yaani ada, malazi na chakula, mwache aende. Asipoupata, nje isubiri shahada ya umahiri. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, hulipia mwaka mmoja wa umahiri kwa mtu mwenye shahada ya kwanza na uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili, na Watanzania huupata.

Sasa hisabati. Ile D ya BAM ndiyo inayonitia wasiwasi katika barua yako yote, kuliko imani, kuliko siasa, na kuliko shemeji. Uchumi wa kidato cha sita unaweza kuuandika kwa insha na ukapata B. Uchumi wa chuo kikuu hauandikwi hivyo: ni milinganyo, grafu, viwango vya mabadiliko, takwimu, na baadaye ekonometriki, ambayo ni kupima kwa takwimu kama jambo moja kweli limesababisha jingine. Wale wanaolaumiwa huko Uingereza kwa kuzungumza kila kitu bila undani, mara nyingi ndio waliotoroka sehemu hii. Binti anayezungumza vizuri kuhusu haki, lakini hawezi kukokotoa kodi ya doti moja itamwangukia nani kwa kiasi gani, atabaki kuwa mzungumzaji. Nasema hivi kwa sababu nimevutiwa naye na nisingependa ajidanganye.

Kwa hiyo mpe kazi, na wewe uwe shahidi. Kuanzia sasa hadi chuo kifunguliwe, kila siku akae na karatasi za mitihani ya BAM ya miaka iliyopita, aanze na maswali yaliyomshinda, na amtafute mwalimu wa hisabati wa hapo mtaani ikiwa anakwama. Siku za Jumamosi aje dukani, aandike kwenye daftari bei uliyonunulia, gharama ya usafiri, kodi ya fremu, bei uliyouzia na idadi ya doti zilizotoka, kisha aichukue hotuba ya bajeti iliyosomwa bungeni mwezi Juni na atafute ndani yake mambo yanayogusa daftari hilo. Akikuletea ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri, wenye hesabu zilizokaa sawa na hoja inayosimama, utakuwa umeiona PPE kwa macho yako. Na kama ataikimbia hesabu siku baada ya siku, hilo nalo ni jibu. Basi aombe sayansi ya siasa na utawala wa umma, ambayo ni shahada ya heshima yenye jina linalotajwa kwenye matangazo, na aache kujitesa na uchumi.

Upande wa fedha, kabla hamjaenda kwa shemeji, binti aombe mkopo wa Bodi ya Mikopo dirisha likiwa wazi. Kwa kuwa amefiwa na baba, maombi yake yatahitaji cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, yaani wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na uhakiki huo huchukua muda, kwa hiyo uanze wiki hii. Ajue kwamba mkopo ni deni: akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi amalize. Hata hivyo, mkopo ukipatikana, hata kwa sehemu, mtakwenda kwa shemeji mkiomba baraka yake na msaada wa kiasi, na mazungumzo ya aina hiyo ni mepesi kuliko ya kuomba kila kitu.

Kwa shemeji mwende wawili, wewe na binti, baada ya Isha, msimkute akiwa na wageni. Wewe ndiye utangulie, umshukuru kwa yote aliyoyafanya kwa kuyataja moja moja, kwa sababu mtu anayetoa hupenda kujua kwamba alichotoa kilionekana. Usiuseme vibaya uhasibu. Ni kazi njema, na shemeji ameuchagua kwa kuwa anampenda mtoto. Mweleze kwamba binti ameiacha ile shahada ya jina refu na anaomba uchumi, jina ambalo hata yeye amelisikia kwenye matangazo, na kwamba mwenye shahada ya uchumi akitaka baadaye kufanya mitihani ya uhasibu ya NBAA, yaani bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, mlango upo, isipokuwa ataanzia ngazi ya chini kuliko mhitimu wa uhasibu. Kisha umwachie binti azungumze mwenyewe. Aje na lile daftari la dukani na ule mwongozo wa udahili wa TCU, ambao hutolewa kila mwaka na unaonyesha vigezo vya kila kozi, amwonyeshe baba yake mkubwa kozi anazoomba kwa mpangilio. Shemeji akiuliza kuhusu imani, binti ndiye ajibu, si wewe, na ajibu kwa upole bila kukariri majina ya watu wa Ulaya. Akikataa usiku huo, msibishane. Mwambieni mtarudi, na mrudi kabla awamu ya kwanza ya maombi haijafungwa, mkiwa na mtu mzima mwingine wa upande wa marehemu ambaye shemeji humsikiliza.

Mshauri